Shilingi 1,800,000 Dar es Salaam au 1,200,000 Mwanza: wapi panabaki zaidi?

Kijana wa Sengerema (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nina umri wa miaka 28, sina mke wala mtoto, na ninafanya kazi ya maabara ya tiba. Nimepata barua mbili za ajira ambazo natakiwa kuzijibu kabla wiki haijaisha. Ya kwanza inatoka maabara binafsi iliyopo Mikocheni, Dar es Salaam, kwa mshahara ghafi wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Ya pili inatoka hospitali binafsi jijini Mwanza, kwa shilingi 1,200,000. Mama yangu yuko Sengerema na ninamtumia fedha kila mwezi, na bado ninadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Marafiki wananiambia kwamba nyongeza ya 600,000 haihitaji mjadala, lakini kila ninayemfahamu Dar analalamika kwamba mshahara humwishia tarehe 20. Naomba tulinganishe kwa hesabu.

Mwandaa Mishahara

Mleta mada, kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wengi hulisahau: hizo 600,000 hazitafika zote mkononi mwako. Katika 1,800,000, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 10, yaani 180,000. Kinachobaki, 1,620,000, ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, na kwa viwango vya sasa utakatwa 128,000 kwa shilingi milioni moja ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi hapo, jumla 314,000. Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000. Utaondoka na 1,036,000.

Kwa 1,200,000, NSSF ni 120,000, PAYE 152,000 na Bodi 180,000, nawe unaondoka na 748,000. Tofauti halisi ni 288,000. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 unazoongezewa juu ya mshahara wa Mwanza, mkononi zinafika 48 tu. Viwango vya PAYE havitofautishi mkazi wa Dar na mkazi wa Mwanza, na hapo ndipo mishahara mikubwa ya miji ghali inapopungua nguvu hata kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Mkazi wa Chanika

Naongezea upande wa makazi, kwa sababu nimeishi Dar tangu 2016 na nimepanga katika mitaa minne. Chumba na sebule chenye choo na jiko ndani, maeneo ya Sinza au Kijitonyama ambako ungefika Mikocheni kwa urahisi, mimi mara ya mwisho nilikipata kwa 300,000. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 2,100,000 ambayo mgeni anatakiwa kuwa nayo kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza, na wengi huanza maisha ya Dar kwa kukopa fedha hizo.

Njia ya kukwepa kodi hiyo ni kuhamia pembezoni, kama nilivyofanya mimi. Ninalipa 100,000, lakini ninatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Barabarani natumia saa tano kwa siku, na kwa mwezi wa siku 22 za kazi hizo ni saa 110, ambazo ni zaidi ya wiki mbili za kazi nyingine kamili isiyolipwa. Mwanangu mdogo ninamwona amelala asubuhi na amelala usiku. Sisemi haya ili kukutisha, ila unapolinganisha kodi ya Chanika na ya Sinza, tafadhali uyaweke na masaa kwenye hesabu, kwa sababu mimi sikuyaweka.

Mzawa wa Nyamagana

Ninakubaliana na waliotangulia, lakini nisingependa kijana aje huku akidhani kwamba kila kitu ni nusu bei. Mafuta ya gari ni ghali zaidi Mwanza kuliko Dar, kwa sababu hushushwa bandarini na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi hapa, na bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinaonyesha hivyo kila mwezi. Saruji ni vivyo hivyo. Bei ya uniti ya umeme ni moja nchi nzima, ingawa kwa hali ya hewa ya huku hutahitaji feni usiku kucha. Unafuu mkubwa uko kwenye kodi ya nyumba, samaki, dagaa, mchele na umbali. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipopandisha nauli ya daladala Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 hadi 600, na kiwango hicho hakikuwa cha Dar peke yake. Tofauti ni kwamba mimi nikitoka Nyegezi napanda gari moja tu hadi kazini.

Muuguzi wa Tabata

Naomba kupinga kidogo. Ndugu Mwandaa Mishahara amesema ukweli kuhusu makato, lakini makato yote si hasara. Kwa tofauti ya 600,000, NSSF yako inaongezeka kwa 60,000 na mwajiri anaweka 60,000 nyingine, kwa hiyo kila mwezi akiba yako ya uzeeni inakuwa kubwa kwa 120,000. Deni la Bodi nalo linapungua haraka zaidi kwa 90,000. Kilichopotea kwako moja kwa moja ni PAYE, yaani 162,000. Anayetazama fedha ya mkononi peke yake anaiona Dar ndogo kuliko ilivyo.

Pia Dar ina maabara na hospitali binafsi nyingi, na mimi nimesomesha wadogo zangu wawili kwa kushika zamu za ziada mwisho wa wiki katika hospitali ya pili. Kijana asiye na familia anaweza kupanga na mwenzake, wakagawana hiyo 300,000, na hapo mlinganyo wote unabadilika. Akingoja mpaka apate watoto watatu, nafasi hiyo itakuwa imepita.

Dada wa Mombasa

Huku Kenya sheria yenyewe inatambua jambo hili. Katika viwango vya kima cha chini vilivyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida Nairobi au Mombasa alitakiwa kulipwa angalau shilingi 16,113 za Kenya kwa mwezi, ilhali nje ya miji ilikuwa 8,596. Nijuavyo, kwenu Tanzania kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa sekta na si kwa mji, kwa hiyo fidia ya ughali wa Dar inategemea mapatano yako na mwajiri. Kaka, mwombe huyo wa Mikocheni posho ya nyumba.

Kijana wa Sengerema (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimekaa na kalamu usiku kucha. Dar, nikipanga Sinza peke yangu, ninatoa kodi 300,000, nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa siku 26 ambayo ni 62,400, na chakula 300,000. Katika 1,036,000 zinabaki 373,600. Mwanza, kwa kodi ya 150,000 Nyegezi, nauli 31,200 na chakula 240,000, katika 748,000 zinabaki 326,800. Kumbe ile 600,000 imekuwa 46,800.

Hoja ya Muuguzi kuhusu akiba na deni ni ya kweli, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Niliwauliza Mikocheni kuhusu posho ya nyumba, au angalau mkopo wa kodi ya miezi sita, wakasema hawana utaratibu huo. Mimi sina 2,100,000, na sitaki kuanza kazi nikiwa na deni la pili juu ya la Bodi. Aidha, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kutoka Mwanza kwenda Sengerema sihitaji tena kungoja kivuko, na ninaweza kumwona mama Jumapili na kurudi jioni. Barua ya Mwanza nimeisaini leo asubuhi.

Mzawa wa Nyamagana

Karibu sana, kaka. Kabla hujalipa kodi Nyegezi, waulize wapangaji, si dalali, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Nyumba zilizo juu milimani, kwenye mawe, ni za bei nafuu na zina mandhari nzuri ya ziwa, lakini nyingine maji huzifikia usiku tu, na kila dumu utakalonunua mchana liongeze kwenye hiyo 150,000.