Mjadala: Mikataba ya biashara ifike bungeni kabla ya kusainiwa, au baada?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja nikijua itatugawa. Bunge linapoletewa mkataba wa biashara uliokwisha kusainiwa, limeitwa kuzika, halikuitwa kutibu. Mawaziri wameshapeana mikono, picha zimeshapigwa, na mbunge kabakiwa na maneno mawili tu: ndiyo au hapana. Akisema hapana, anaambiwa anaiaibisha nchi.

Tazameni sheria zenyewe. Kwa Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba (kuridhia ni hatua ya baada ya saini, nchi inapokubali rasmi kufungwa na mkataba), lakini ile tu ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Yaani waliojifungia kuuandika ndio wanaoamua kama mbunge ataugusa! Uingereza nako, sheria ya mwaka 2010 inataka mkataba ukae mezani bungeni siku 21 za vikao. Kura si lazima, mjadala si lazima. Wabunge wanaweza kupitisha azimio la kuuzuia, ila ratiba ya vikao iko mikononi mwa serikali ileile iliyousaini. Kenya wana afadhali: sheria yao ya 2012 inataka Bunge la Taifa na wananchi washirikishwe kabla ya kuridhia. Kabla ya kuridhia, si kabla ya kusaini.

Haki za binadamu zinaingiaje hapa? Mkataba wa biashara wa siku hizi hauishii kwenye ushuru wa forodha. Humo mna hataza za dawa (haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasizitengeneze), mbegu, ajira, na mara nyingi haki ya mwekezaji kuishtaki serikali nje ya mahakama za nchi. Mwaka 2005 Serikali ya Tanzania ilivunja mkataba na City Water, kampuni iliyopewa kusambaza maji Dar es Salaam. Mwanahisa wake, Biwater Gauff, akaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, akiegemea mkataba wa kulinda uwekezaji wa mwaka 1994 kati ya Tanzania na Uingereza. Hukumu ikatoka 2008: Tanzania imekiuka mkataba, ila hailipi fidia. Tulipona kwa sababu kampuni yenyewe ilikuwa imeshakosa thamani, si kwa sababu haki ya watu kupata maji ilishinda.

Msimamo wangu: Bunge liidhinishe hadidu za rejea, yaani malengo na mipaka ya mazungumzo, kabla timu haijaondoka kwenda kujadiliana, na lione rasimu kabla ya saini. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 2

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeangalia upande mmoja. Ukimwaga hadidu zako za rejea hadharani, mwenzako wa upande wa pili anazisoma siku hiyohiyo. Anajua unapoweza kulegeza na usipoweza. Hapo unajadiliana nini tena?

Halafu kuna gharama ya kuchelewa, ambayo wanaharakati hawaitaji. Mwishoni mwa 2014, mazungumzo ya EPA, yaani mkataba wa ubia wa kiuchumi, kati ya Afrika Mashariki na Ulaya yalipopitiliza muda, Kenya ndiyo iliyoumia, kwa sababu yenyewe haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo huuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo. Maua yake yakatozwa ushuru Ulaya kwa karibu miezi 3. Yule anayevuna waridi Naivasha, ajira yake si haki ya binadamu?

Na hizo haki zenyewe tuzipokee kwa tahadhari. Mwaka 1996 kule Singapore, nchi zinazoendelea ziligoma kuingiza viwango vya kazi kwenye sheria za WTO, Shirika la Biashara Duniani, na tamko la mkutano likasema wazi kwamba viwango hivyo visitumike kulinda masoko. Waliogopa kitu cha kweli. Tajiri akitaka kuzuia nguo zako zisiingie kwake, hakosi kukuuliza habari za haki.

Mchangiaji wa 3

Mimi nimewahi kufanya kazi kwenye sekretarieti ya kamati ya bunge, nchi siitaji. Niwaambie kinachofika mezani. Kurasa za mwanzo ni ibara zenye maneno mazuri, zinasomeka. Baada ya hapo ni majedwali: safu ya tarakimu za bidhaa, safu ya jina la bidhaa, safu ya kiwango cha ushuru, safu ya mwaka utakaoondolewa. Kurasa kwa mamia. Mbunge anayewakilisha wafugaji anatakiwa agundue mwenyewe maziwa ya unga yako mstari gani na yanalindwa au hayalindwi. Tuliletewa Ijumaa, kamati inakaa Jumanne.

Wengi walirukia hotuba ya waziri. Nisiwalaumu sana, kwa sababu kamati haikuwa na mchumi hata mmoja wa kwake. Wataalamu wote walikuwa ni wa wizara iliyoleta mkataba. Sasa hata ukiwapa rasimu kabla ya saini, ataisoma nani? Hoja ya mleta mada bila fungu la wataalamu ni maneno matupu.

Mchangiaji wa 2

Ndiyo nilichokuwa naelekea. Asante.

Mchangiaji wa 4

Ngoja kwanza. Mnasema kana kwamba mkataba ukishasainiwa haubadiliki. Marekani, Mexico na Canada walisaini mkataba wao wa biashara, USMCA, Novemba 2018. Wabunge wa chama cha Democrats kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani wakakataa kuupitisha ulivyo. Desemba 2019 nchi zote 3 zikasaini marekebisho: ukawekwa utaratibu wa haraka wa kushughulikia kiwanda kinachowanyima wafanyakazi haki ya kuunda chama chao, na kikaondolewa kifungu cha kulinda data za dawa za kibayolojia (zinazotengenezwa kutokana na viumbe hai) kwa miaka 10, ambacho kingechelewesha dawa za bei nafuu. Bunge likiwa na meno, saini si mwisho.

Na Julai 2012 Bunge la Ulaya liliukataa mkataba wa ACTA, ule wa bidhaa bandia na hakimiliki, kwa kura 478 dhidi ya 39. Ulijadiliwa kwa siri miaka kadhaa, serikali nyingi zilikuwa zimeshausaini, na ukafia hapo.

Mchangiaji wa 5

Meno ya Marekani ni ya soko la Marekani, mkuu. Bunge la nchi ndogo likirudisha mkataba liambiwe "tufungue upya", nani atakuja mezani?

Ila mimi shaka yangu ni nyingine: mnaliamini Bunge mno. Januari 2019 Bunge lilelile la Ulaya lilipitisha makubaliano ya biashara na Morocco yaliyojumuisha bidhaa za Sahara Magharibi, eneo ambalo Morocco inadai ni lake. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikathibitisha kuyabatilisha, kwa sababu watu wa Sahara Magharibi hawakutoa ridhaa yao. Wabunge walipiga kura, na haki ikaja kudaiwa mahakamani. Kwetu ambako chama kimoja kinajaza ukumbi, kura ya kabla ya saini itakuwa na tofauti gani na ya baada? Meza zitapigwa vilevile.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mchangiaji wa 5, kuhusu meza nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani, lakini tuna mfano wetu. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilisaini EPA ya Afrika Mashariki. Tanzania haikuwa imesaini, na Novemba mwaka huohuo mkataba ukapelekwa bungeni. Wabunge wakaukataa, CCM na wapinzani kwa pamoja. Waliweza kwa sababu hapakuwa na saini ya mkuu yeyote ya kuilinda. Najua serikali yenyewe ilikuwa imeshasita, na hilo liliwarahisishia. Kenya baadaye ikaenda peke yake, ikasaini na Ulaya Desemba 2023, mkataba ukaanza kutumika Julai 2024.

Mchangiaji wa 2, siri ya mezani naikubali. Mwisho wa kulegeza, takwimu za ushuru, hayo kamati iyaone kwa faragha. Lakini kuna tofauti kati ya mbinu na lengo. Wakulima wadogo wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2007 kulalamikia mazungumzo haya ya EPA, na mwaka 2013 mahakama ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakiwemo wao. Miaka 6 kupata kibali cha kusikilizwa! Walichokuwa wanadai si siri ya timu. Walitaka kujua kama soko lao linauzwa.

Wa 3, umenipiga pazuri. Naongeza kwenye hoja yangu: kamati iwe na fungu lake na wataalamu wake, na tathmini ya athari kwa haki za binadamu ifanyike kabla ya saini. Miongozo ipo tangu 2011, iliandaliwa na Olivier De Schutter alipokuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula. Inasema tathmini ifanywe mapema kiasi cha kuweza kubadili matokeo ya mazungumzo.

Mchangiaji wa 5

Sawa, na ukishagundua makosa baada ya yote hayo? Si unajitoa tu?

Mleta mada

Hujitoi kirahisi hivyo. Tanzania iliufuta mkataba wake wa kulinda uwekezaji na Uholanzi, ukakoma tarehe 1 Aprili 2019. Lakini kwa mwekezaji aliyeingia kabla ya hapo, ulinzi unaendelea miaka 15 zaidi, mpaka 2034. Bunge litakalochaguliwa 2030 litakuwa bado limo ndani ya mkataba uliosainiwa 2001. Kwa hiyo, mimi ningekuwa kwenye hiyo kamati ya Jumanne, majedwali ningeyaacha kwanza. Ningeanzia mwisho, kwenye ibara ya kujitoa.

Mchangiaji wa 3

Ibara hiyo huwa ukurasa wa mwisho kabla ya viambatisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza iko wapi.