Naombeni ushauri wakuu: simu imeingia maji na picha zote zimo humo

Kijani_Kibichi (mleta mada)
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana akili haifanyi kazi kabisa. Jana jioni simu ilidumbukia kwenye maji kidogo tu nikaiwahi, nikaifuta, ikawaka fresh kama robo saa halafu ikazima jumla. Sasa hivi ipo kwenye mchele. Shida sio simu, ni picha zilizomo. Swali langu ni moja tu, ikae kwenye mchele siku ngapi ndo niiwashe? Msinitukane tafadhali.

Mama_Wawili
Pole mdogo wangu. Yangu ilizama kwenye ndoo ya kufulia nikaizika kwenye mchele ikapona, ndo hii naandikia. Spika tu ndo inakoroma, mtu akipiga ni kama anaongea yuko ndani ya pipa 😂

FundiSaketi
Itoe kwenye mchele mkuu. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya chipu, unaacha vumbi tu na chembe zinaziba tundu la chaji, hata Apple walishaandika msiweke iPhone kwenye mchele. Hizo zilizopona zingekauka hata mezani. Kinachoua ni maji pamoja na umeme, betri ikiendelea kupeleka umeme kwenye bodi (ile sakiti kuu ya ndani) iliyolowa kutu inaanza kula njia za shaba hapohapo. Swali: ilipozima, uliichomeka chaji?

Mzee_wa_Hoja
Vijana mnaingia na simu mpaka bafuni halafu picha za maana mnaziweka sehemu moja. Mimi yangu haivuki mlango wa bafu na haitavuka.

Kijani_Kibichi
Haikuwa bafuni mzee wangu. @FundiSaketi hii simu ni IP68, kile kipimo cha kuzuia maji na vumbi, si imetengenezwa kuhimili maji?

FundiSaketi
IP67 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, IP68 kina anakitaja mtengenezaji mwenyewe, na vyote vinapimwa simu ikiwa mpya, kwenye maji yasiyo na chumvi. Ikishadondoka au kufunguliwa kubadili kioo, ile gundi ya kuzuia maji huwezi kuitegemea tena. Ila swali langu umelikwepa.

Kijani_Kibichi
Ndio niliichomeka, si nilitaka kujua kama imekufa, mtu yeyote angefanya hivyo. Ikapata moto nikachomoa, nikaipuliza na draya ya nywele mpaka ikakauka. Na nimeshaongea na jamaa mmoja kesho anaiwekea betri mpya, ikipata betri itawaka tu, ndo maana nauliza siku za mchele basi.

Jicho_Kali
Hii chai. Maji kidogo, umeiwahi, IP68, halafu ife ndani ya robo saa? Weka picha ya tundu la chaji tuone.

Nyota77
Mimi nawaza mbali zaidi, isije ikawa simu ya watu imeokotwa huko tunamfundisha mtu namna ya kuifungua.

Mama_Wawili
Jamani mwacheni, mtu ana shida mnamgeuza mwizi!

Kijani_Kibichi
Sijatunga. Picha hiyo hapo chini, muone ule unga mweupe. Ilikuwa baharini, nimesimama maji ya magotini wimbi likanipiga nikaiokota chini kwenye mchanga. Na simu ni ya dada yangu, picha ni za mwanae tangu anazaliwa, na hajui bado. Sikusema bahari maana nilijua mtaniambia imekufa na mimi siwezi kwenda kumwambia hivyo.

Jicho_Kali
Ule unga ni chumvi kweli. Nimefuta kauli, pole.

FundiSaketi
Ungesema bahari tangu mwanzo nisingepoteza muda na mchele. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, ukikausha maji yanaondoka chumvi inabaki, inavuta unyevu wa hewani na kuendelea kula bodi. Kwa hiyo hapa cha kufanya ni kuosha, na iwe leo. Fundi aifungue, achomoe betri kwanza, atoe vile vifuniko vya bati, asugue bodi kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya 90% kwenda juu. Betri mpya kwenye bodi yenye chumvi inamalizia uharibifu tu. Hiyo betri iliyopata moto usilale nayo chumbani, na ukiiona imevimba toa nje.
Halafu kingine, simu za siku hizi data imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya prosesa (chipu kuu ya simu), huwezi kung'oa chipu ya kumbukumbu ukaisoma pengine. Lazima bodi iwake hata mara moja, na ikiwaka utatakiwa paswedi. Paswedi unayo?

Kijani_Kibichi
Sina. Nilitaka ikishapona nimrudishie tu.

Mama_Wawili
Mpigie dada yako sasa hivi. Muulize na kama picha zilikuwa zinapanda mtandaoni zenyewe, wengine wamewasha hawajui.

Kijani_Kibichi
Naogopa kwa kweli. Ngoja nianze na jamaa wa betri.

FundiSaketi
Muulize kama anaosha bodi au anabadilisha betri tu. Na mtamkie neno bahari.

Kijani_Kibichi
Nimempigia, anasema yeye ni vioo na betri, bodi hagusi. Nimemwambia aache. Mchele nimetoa, natafuta anayeosha bodi. Namba ya dada naiona hapa, inaita.