Mjadala: Amlodipini iwe dawa ya kwanza kwa kila Mwafrika mwenye presha?

Mkereketwa: Utafiti wa CREOLE ulitoka 2019: Waafrika weusi 728, nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Kila mmoja alipewa dawa mbili kwa pamoja. Penye amlodipini presha ilishuka zaidi kuliko kwa waliopewa perindoprili na hidroklorothiazidi, dawa nyingine mbili za presha. Sasa mtu anaanzishiwaje dawa bila amlodipini? Wizara zetu ziagize, basi.

Bahari: Mzungu hakuwemo hata mmoja. Walilinganisha dawa kwa dawa, si Mwafrika na mtu mwingine. Usiutumie kutuambia damu yetu ni tofauti. Na tofauti yenyewe ilikuwa kama pointi tatu tu za ile namba ya juu ya kipimo cha presha.

NesiTanga: Pointi tatu kwa nchi nzima ni viharusi vingi, usizidharau. Ila tunabishana bure. Wagonjwa wetu wabishi, kichwa kikiacha kuuma tu, dawa wanatupa.

Mama Zawadi: Dada, hilo neno limenichoma. Mama yangu alimeza amlodipini kila siku mpaka viatu vikagoma kuingia. Hakuna aliyemwambia kuwa dawa hiyo huvimbisha miguu. Akadhani figo zimekufa, akaacha kwa hofu. Huyo naye mbishi?

NesiTanga: Pole kwa mama. Lakini njoo Jumatatu uone foleni mpaka getini, nesi mmoja. Nimweleze nani, nimwache nani?

Mama Zawadi: "Miguu ikivimba rudi, usiache." Maneno manne! Kupima mnapima, kusema hamsemi.

Mkereketwa: Mama Zawadi, akiongezewa perindoprili uvimbe huo hupungua, na mchanganyiko huo ulifanya vizuri kwenye CREOLE.

Juma wa Kwale: Perindoprili ilinikohoza usiku kucha, mke akahamia chumba cha watoto. Mimi siigusi tena.

Bahari: Ndiyo maana nasema agizo moja kwa wote halifai.

Mama Zawadi: Mimi bado namsubiri nesi. Aliyeambiwa mbishi aombwe radhi.

NesiTanga: Neno nalirudisha, mama, halimfai mama yako. Ila kuna wanaoelezwa vizuri kabisa na bado wanaacha, hao nawajua kwa sura.

Juma wa Kwale: Wengine wanaacha kwa sababu dirishani wanaambiwa zimekwisha, wakanunue duka la dawa. Mkulima anunue kila mwezi, maisha yake yote, kwa hela ipi? Hilo nalo wizara iagize.