Nimechaguliwa chuo kikuu kidogo cha umma, wote tunaishi mabwenini. Nijipangeje?

kemia_moyoni aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Nimechaguliwa kusoma shahada ya kemia katika chuo kikuu cha umma ambacho ni kidogo kweli kweli. Wanafunzi wote hawafiki elfu mbili, na karibu kila mmoja analala ndani ya chuo. Orodha ya darasa letu la mwaka wa kwanza ina majina ishirini na mawili. Wenzangu wengi niliomaliza nao wanaelekea vyuo vikubwa vyenye majina, na kwenye kundi letu la simu kutwa wanajadili vitivo na maabara ambazo huku hata hazipo.

Nafasi nimeshaikubali, kwa hiyo siulizi kama niende au nisiende. Nataka kujua namna ya kuishi na kusoma huko. Je, udogo wa chuo unamrudisha mtu nyuma kitaaluma? Halafu mimi ni mtu wa kimya, nimezoea kusoma peke yangu. Nitawezaje kwenye chumba cha watu wawili na korido ambayo kila mtu anamjua kila mtu? Na kaka yangu ananiambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira tu, msuli unaanza mwaka wa pili. Ni kweli?

Waliopita vyuo vya aina hii naombeni uzoefu wenu.

Kipimo alijibu:

Hongera sana mkuu. Kuhusu udogo usiwe na wasiwasi hata kidogo. Angalia École normale supérieure ya Paris: ni ya umma, ilianzishwa 1794, wanafunzi wake ni wachache na baadhi yao wanaishi kwenye mabweni ya chuo. Wafaransa wengi waliopata Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, walisoma pale. Ukubwa wa chuo si hoja.

Mlezi wa Bweni alijibu:

Mwanangu, hongera. Nilisoma chuo cha namna hiyo, sasa nafundisha fizikia kwenye kingine cha ukubwa huo huo, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mlezi wa bweni la wasichana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Kipimo, mfano wako ni wa kweli, lakini wale wa Paris huchujwa kwa ushindani mkali kabla hawajaingia. Udogo peke yake haumfundishi mtu. Unachokupa ni ukaribu na mwalimu, na ukaribu huo una faida kwa anayeutumia tu.

Nikueleze unavyofanya kazi. Kwenye darasa la watu mia nne, mhadhiri anafundisha na mara nyingi wasaidizi wake ndio wanaosahihisha. Kwenye darasa la ishirini na wawili, anayekufundisha ndiye anayesoma kazi yako, na baada ya wiki chache anaujua hata mwandiko wako. Muhula uliopita mwanafunzi alinijia na ripoti yake ya maabara. Alikuwa amepima mvutano wa dunia kwa pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, na saa ya kubonyeza kwa kidole, akaandika jibu 9.8137 m/s². Nilikuwa nimezizungushia duara zile tarakimu za mwisho bila maelezo, naye alitaka kujua kosa liko wapi, maana hesabu aliifanya sawasawa. Nikafunga ufunguo kwenye uzi wa kama robo mita, nikampa saa. Uzi wa urefu huo hubembea, kwenda na kurudi, kwa karibu sekunde moja. Kidole cha binadamu huweza kukosea kama sehemu mbili za kumi za sekunde, kwa hiyo kwenye bembeo moja unaweza kukosea kwa asilimia ishirini. Akapima mabembeo ishirini mfululizo, akagawanya, na kosa lile lile likashuka hadi asilimia moja. Hata kosa dogo hivyo linatosha kuzifanya tarakimu zinazofuata baada ya 9.8 kuwa za kubahatisha. Akakaa kimya, akaichukua ripoti yake, akazikata mwenyewe zile tarakimu tatu. Tangu siku hiyo haandiki tarakimu asiyoweza kuitetea, na katika kemia yako utaona jinsi tabia hiyo inavyombeba mtu. Mlango wangu ulikuwa wazi kwa darasa zima wiki ile. Aliyeingia ni yeye.

Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu hivi: kitakachokurudisha nyuma ni kuishi chuo kidogo kama vile uko chuo kikubwa, unaingia darasani, unakaa nyuma, unatoka.

Ila usidanganywe, udogo una gharama. Kozi za kuchagua ni chache. Nyingine hutolewa mwaka mmoja, mwaka unaofuata hazipo. Mhadhiri mmoja akienda likizo ya utafiti, kozi yake inaweza kulala kabisa kwa sababu hakuna wa kumshikia. Nimeona wanafunzi wazuri wakifika mwaka wa mwisho na kozi waliyoitegemea haifundishwi. Wiki ya kwanza chora miaka yako yote kwenye karatasi moja: kozi za lazima, zile zinazotaka utangulie kusoma nyingine, na zile za mwaka ndiyo mwaka hapana. Mpelekee mshauri wako wa masomo. Na kama kuna mashine ambayo maabara yenu haina, uliza mapema nafasi za mafunzo ya likizo katika taasisi nyingine. Barua ya kukuombea nafasi hiyo itaandikwa na mtu anayekujua kweli, na hapo ndipo utakapowazidi wenzako wa vyuo vikubwa.

Sasa bweni. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili walitoa utafiti wao wa nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani. Waligundua kwamba watu hawakuwa wakichagua marafiki kwa kufanana tabia tu. Mlango ulikuwa na nguvu ya ajabu. Wa mlango wa jirani walitajwa kuwa marafiki kwa asilimia 41 ya nafasi zilizokuwepo, wa mwisho wa korido asilimia 10. Waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki mpaka wa ghorofa nyingine, kwa sababu kila mtu alipita pale. Mimi hilo naliona kwa macho kila mwaka. Mtu wa kimya kama wewe akipewa chumba cha mwisho wa korido, asipofanya juhudi, hadi muhula unaisha anamjua anayelala naye chumbani na msafishaji.

Na huyo mwenzako wa chumbani ana uzito. Mchumi Bruce Sacerdote alichunguza wanafunzi wa Dartmouth, chuo cha Marekani, waliopangiwa vyumba kwa bahati nasibu, akachapisha matokeo 2001: alama za mtu zilielekea kuvutwa na za mwenzake wa chumbani. Huwezi kumchagua, lakini wiki ya kwanza mnaweza kukubaliana: taa inazimwa saa ngapi, wageni mwisho saa ngapi, simu inaongelewa wapi. Mkisubiri mpaka mmoja ameudhika, kila neno litasikika kama shutuma. Msichana mmoja pale kwetu alibandika mlangoni karatasi, upande mmoja imeandikwa "nasoma", upande wa pili "karibu". Watu waliiheshimu sana, kwa sababu siku za "karibu" zilikuwepo kweli.

Kuhusu kaka yako, mwambie namheshimu ila sikubaliani naye. Kuna vyuo ambavyo alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la mwisho, na kuna ambavyo zinaingia zote. Soma kanuni za chuo chako mwenyewe. Lakini hata zisipoingia, kemia inajengwa juu ya kemia. Asiyeziweza hesabu za moli, kipimo cha kiasi cha kemikali, atahangaika kila mara atakapokuwa maabara. Tena tazama saa zenyewe. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo, mwaka mzima ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180. Hata ukikaa darasani saa 50, saa mia au zaidi zimebaki mikononi mwako. Hakuna atakayekupangia hizo.

Ukiwa peke yako na madesa, usiyasome tu tena na tena. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili 2006. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walibaki na asilimia 42, huku waliofunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka wakiwa na asilimia 56. Funga daftari, andika, kisha fungua uone ulichoacha.

ghorofa_ya_tatu alijibu:

Namuunga mkono Mama Mlezi. Mimi nimemaliza juzi juzi chuo cha aina hiyo. Ambalo sikuambiwa ni kwamba hakuna pa kujificha. Ukigombana na mwenzako wa kundi la maabara, jioni mko meza moja kwenye ukumbi wa kulia, na wikendi mko timu moja. Kuna mwaka mgogoro wa watu wawili uligawanya darasa letu zima mpaka kazi za vikundi zikakwama. Kilichoniokoa ni kwaya. Nilikuwa na watu ambao si wa kozi yangu, tukiongea mambo ambayo hayahusu mitihani wala sapu. Tafuta kundi moja la hivyo, moja tu linatosha. Na maktaba yenu bila shaka itakuwa na kona ambayo haina mtu asubuhi mapema. Mtu wa kimya huwa anaigundua wiki ya kwanza.

kemia_moyoni:

Shikamoo mama. Nashukuru sana, na wewe pia ghorofa_ya_tatu, nimeyaandika yote. Nina swali moja tu limebaki. Huko ofisini kwa mhadhiri naenda kusema nini kama sijafeli kitu? Naona kama nitakuwa namsumbua.

Mlezi wa Bweni:

Marahaba mwanangu. Humsumbui. Muda huo umebandikwa mlangoni kwa ajili yenu, na wiki nyingi sisi tunaukaa wenyewe. Ila usije mikono mitupu na kusema "sielewi mada hii", maana hapo sijui nikushike wapi. Njoo na swali ulilolijaribu mpaka likakugomea, karatasi yenyewe mkononi, useme: "Nimefika hatua hii, kutoka hapa kwenda hapa ndipo sioni." Hata ukiwa umepata alama nzuri, njoo na swali moja ulilobahatisha.

Nenda wiki mbili za mwanzo, kabla ya majaribio, wakati hakuna foleni. Ukiona aibu, nendeni wawili. Na kama muda wake unagongana na kipindi chako, mwandikie barua pepe fupi: jina lako, kozi, swali lenyewe kwa sentensi moja, na saa mbili tofauti ambazo una nafasi ili achague.