Naomba ushauri: simulesheni ya ufa inapandisha ukinzani mapema mno

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, wiki ya tatu hii nimekwama. Nina kipande cha epoksi chenye nanotyubu za kaboni (vijibomba vidogo mno vinavyopitisha umeme) asilimia 0.5 kwa uzito, kina mkato mdogo pembeni, nakivuta kwenye kompyuta huku napitisha umeme nione ukinzani unavyobadilika ufa ukitembea. Natumia fezi-fildi (njia inayoonyesha ufa kama uharibifu d, kuanzia 0 pakiwa pazima hadi 1 pakivunjika) aina ya AT2, na upitishaji umeme wa kila elementi (kijipande cha hesabu) naupunguza kwa (1−d)². Sasa shida ukinzani unaanza kupotoka kwenye mzigo mdogo kabisa, ufa wenyewe haupo bado, wakati maabara unapanda taratibu halafu ufa ukifunguka unaruka ghafla, na huo mruko ndio kazi yangu yote. Meshi nimeibana mpaka elementi 4 ndani ya urefu wa lengthi-skeli (upana ambao ufa unasambazwa), hatua za mzigo nimezipunguza, grafu ni ileile.

Najua AT2 haina kizingiti, d inaanza kukua mara tu unapovuta. Je, nihamie AT1 (aina yenye kizingiti), au nibaki hapa ila umeme nianze kuupunguza d ikishapita kiwango fulani? Na ule upandaji wa taratibu, nanotyubu zinapoachana, mnauingiza vipi bila kuuhesabu mara mbili na d?

Asanteni sana.