Naomba ushauri: kamusi yangu ya utani imefika kwa bosi

Wakuu, shikamooni. Niko uhasibu kwenye ofisi moja hapa Dar. Tangu Januari nabandika kikaratasi juu ya birika la chai chenye maana za maneno. Utani tu. "Niko njiani: bado natafuta soksi." "Mshahara: mgeni wa siku tatu anayekuja na wadai wake." "Posho: sababu ya semina kufanyika Bagamoyo wakati ukumbi tunao." Watu wakacheka, hadi mama wa usafi akanipa ya kwake: "Dharura: jambo lililolala mezani kwa bosi wiki mbili."

Hiyo ndiyo imeniponza. Jumatatu kikaratasi hakipo. Bosi kaniita, kakitoa kwenye faili, kasema Ijumaa tunamuaga mhasibu mkuu anayestaafu, nisome "kamusi" mbele ya wakurugenzi. Hakucheka, hakununa. Mnaijua ile sura.

Niisome ya dharura au niiruke? Mkataba wangu unaisha Juni. Nimefikiria kujificha nyuma ya Mwingereza Parkinson, aliyeandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka kujaza muda uliopo, ila pale hakuna atakayecheka. Shemeji anasema nitumie maneno ya kanga, hayana mwandishi. Lakini kanga nayo, mtu akijihisi amejihisi.

Mwenye maana za kustaafu zisizouma anitupie. Mimi nimeishia "Kustaafu: likizo isiyojaziwa fomu," kisha nikakumbuka mafao.