Azalea zinageuka manjano huku Goma: kosa ni udongo au maji?

Mama wa Himbi (Goma)
Jambo wapendwa. Azalea zangu 4, vile vichaka vya maua, aina isiyopukutisha majani, ziko kando ya ukuta wa nyumba, kwenye udongo uliomwagwa juu ya mawe ya volkano. Majani machanga yanatoka manjano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani. Namwagilia maji ya ziwa, na nimetia majivu ya makala. Ninakosea wapi?

Papa Maua (Bukavu)
Mama, hiyo ni alama ya kukosa chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, mizizi ndiyo inashindwa kukifyonza. Azalea, kama nyingi za jamii yake ya rododendroni, inataka udongo wenye asidi, pH 4.5 hadi 6 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume). Maji ya Ziwa Kivu yana pH karibu 9. Majivu nayo yanapunguza asidi, na saruji ya ukuta inaachia chokaa kila mvua inapoipiga. Zimebanwa pande tatu!

Acha majivu leo hii. Weka pipa chini ya mabati, umwagilie maji ya mvua. Ukipata chelati ya chuma, yaani mbolea ya chuma iliyofungwa ili mizizi iweze kukifyonza, soma kibandiko ujue aina: EDDHA inafanya kazi hata pH ikiwa juu, EDTA inachoka ikipita 6.5 hivi. Kujua kama imefaa, tazama majani mapya, yale ya zamani usiyahesabu.

Kwa Goma mimi ningezihamishia kwenye vyungu vya upana wa sentimita 40, vyenye matundu chini: sehemu 3 za majani ya msonobari yaliyooza, sehemu 1 ya kokoto nyepesi. Tafadhali, msichimbe udongo wa msitu wa hifadhi.

Yaya wa Nguba (Bukavu)
Naongeza kuhusu kina, maana huku Bukavu ndiko zinakofia. Udongo wetu mwekundu una asidi, ila unashika maji, na mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele, inakaa juujuu. Panda donge la mizizi lipite uso wa udongo kwa sentimita 3 hadi 5. Kwanza lizamishe ndani ya ndoo hadi mapovu yaishe: likikauka linakataa maji, juu pamelowa kumbe katikati ni vumbi. Matandazo sentimita 5, yasiguse shina.

Mti ukinyauka na udongo umelowa, usiongeze maji! Kwaruza gome la chini kwa ukucha. Kijani, bado mzima. Kahawia, huenda Phytophthora imeingia, kimelea kinachofanana na kuvu na kuozesha mizizi: ng'oa, na shimo lile usirudishie azalea.

Kupogoa ni mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa miezi, unakata matumba ya maua yajayo.

Mama wa Himbi
Asanteni sana. Na mbuzi wa jirani wakizila?

Papa Maua
Zungushia uzio, Mama. Majani na maua yana sumu, grayanotoksini: mbuzi anatoka mate, anatapika, anaweza kufa. Hata matawi uliyopogoa usiwape sungura wala kobayi. Yafukie.